Timu kubwa, mfumo upi? Mwongozo wa kuchagua mfumo wa matoleo uliosambazwa

Swali huja kwa sura tatu au nne. "Tuko watu sitini na tunatumia Subversion, tuhamie Git?" "Git au Mercurial?" "Repo yetu imefika GB 11, mtu mpya anaishusha siku nzima, tufanyeje?" Subversion, Git na Mercurial ni mifumo ya matoleo, yaani programu zinazotunza kila badiliko la faili za mradi; repo ni ghala la faili hizo pamoja na historia yake. Nimekuwa nikijibu vipande vipande, kila mtu na kipande chake. Hapa nimeyaweka yote pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili uweze kuanza Jumatatu na timu yako.

Msimamo wangu niutoe mapema: timu nyingi zitaishia kwenye Git. Lakini timu iliyofika huko kwa kupima inajua repo yake itagawanywa vipi, nani ataona nini, na mtu wa mtandao dhaifu atafanya kazi vipi. Iliyofuata mkumbo hujifunza hayo siku ya kwanza, watu themanini wakishusha historia nzima kwa wakati mmoja. Kwa hiyo usianze na jina la programu. Anza na repo yako, watu wako, na mtandao wako mbaya kuliko yote.

Nadharia, kiasi cha kukutosha

Kwenye Subversion, historia yote inakaa kwenye seva. Wewe una toleo moja tu mkononi. Kwenye mfumo uliosambazwa, kama Git au Mercurial, kila mtu ana historia nzima kwenye mashine yake. Unahifadhi kazi (kukomiti), unafungua tawi (njia ya pembeni ya kufanyia kazi bila kugusa ya wengine), unaangalia nani aliandika mstari fulani, bila kuigusa seva. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na kwa majirani, mwenye historia kwenye laptopu yake aliweza kuendelea na kazi na kuisukuma, yaani kuipeleka kwenye seva, baadaye.

Faida hiyo ina bei yake. Kila kilichowahi kuingia kwenye historia, hata kama kilifutwa siku ya pili, kinamfuata kila mtu. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu bei hiyo.

Utakavyohitaji kabla ya kuanza

- Nakala ya repo yenu halisi. Mradi mdogo wa mfano hautakuonyesha chochote.
- Watu watano au sita wa majaribio, waliochaguliwa kwa makusudi: mmoja wa Windows, mmoja anayefanya kazi nyumbani kwa bando la simu, mmoja anayetoa matoleo, mbunifu mwenye mafaili mazito ya picha, na mgeni aliyeajiriwa karibuni. Mgeni usimsahau. Ndiye atakayekwama pale ambapo wengine mmezoea kupita.
- Wiki mbili ambazo bosi amezikubali kwa maandishi.
- Mtu mmoja mwenye neno la mwisho. Kamati ya watu tisa itabishana mpaka mradi uzeeke.

Hatua ya 1: Pima mlichonacho

Kabla ya mjadala wowote, pata namba hizi: historia yote ina ukubwa gani, faili ziko ngapi kwenye toleo la leo, faili kumi kubwa ni zipi, na matawi yaliyo hai ni mangapi. Kama tayari mko kwenye Git, `git count-objects -vH` itakupa ukubwa (soma mstari wa `size-pack`), na programu ya bure ya git-sizer itakuonyesha wapi pamevimba.

Timu moja niliyoisaidia ilikuwa na hakika kwamba msimbo wao ni mkubwa sana kwa Git. Tulipima. Msimbo wenyewe haukufika hata sehemu ya kumi ya mzigo. Kilichobaki kilikuwa nakala za hifadhidata, `backup_final.sql`, `backup_final2.sql`, zilizokuwa zikiwekwa kila mwisho wa mwezi na mtu aliyetaka kuwa salama. Zilishafutwa kwenye folda, lakini kwenye historia zilikuwepo zote. Tatizo lao halikuwa la kuchagua mfumo hata kidogo.

Onyo: Mkikuta data za wateja humo ndani, simamisheni kila kitu kwanza. Ukimpa mtu nakala ya repo, umempa na data hizo, na laptopu huibiwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Kenya ina yake ya 2019. Mshirikishe mwanasheria wenu kabla hamjahamisha faili hata moja.

Hatua ya 2: Orodhesha kazi za siku, usiorodheshe sifa za programu

Hapa wengi hukosea. Wanatengeneza jedwali la sifa, wanatia alama ya vema, na mifumo yote inapata alama karibu sawa. Bora uandike kazi ambazo watu wenu wanazifanya kweli, kisha uzifanye moja baada ya nyingine kwenye kila mfumo mnaoufikiria.

Mfano mzuri wa hili ni watu wa lugha ya Python. Walipotaka kuachana na Subversion, waliandika hati inayoitwa PEP 374. Humo waliorodhesha kazi zao halisi, kama kurudisha rekebisho kwenye toleo la zamani, kufuta badiliko lililoharibu, na kutoa toleo jipya, kisha wakaonyesha amri za kila kazi kwa Bazaar, Git na Mercurial. Mwaka 2009 walichagua Mercurial. Git iliangushwa kwa sehemu na hali yake kwenye Windows wakati ule, na kwa sehemu na watengenezaji wenyewe ambao hawakuipenda. Mwaka 2017 walihamia Git, kwenye GitHub, huduma ya mtandaoni ya kuhifadhi repo. Sioni kwamba walikosea mara ya kwanza. Waliamua kwa hali ya siku ile, wakaandika sababu zao, na hali ilipobadilika walijua ni sababu zipi zimekwisha muda.

Kwenye orodha yako nisingekosa kuona hizi: kurekebisha hitilafu ya dharura kwenye toleo lililo kwa wateja wakati tawi kuu limeshaenda mbele; watu wawili kugusa faili moja na kupatanisha mgongano; kumkagua mwenzako kabla kazi yake haijaingia; na mtu mpya kuanza kazi kutoka sifuri. Pima muda wa kila moja kwa saa ya mkononi, uandike.

Hatua ya 3: Punguza orodha ya wagombea

Usijaribu mifumo sita. Miwili inatosha, mitatu ikizidi sana.

*Git.* Ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kiini cha Linux, mradi ambao kila toleo lake huchangiwa na watu zaidi ya 1,000. Wingi wa watu, basi, hauwezi kuwa hoja dhidi yake. Udhaifu wake ni amri zenye majina yanayochanganya na uzito wa faili kubwa zisizo za maandishi.

*Mercurial.* Ilianza mwaka huohuo. Amri zake ni rahisi kufundisha, na mimi bado naipenda kwa hilo. Lakini tazama mazingira yake: Bitbucket, huduma nyingine ya kuhifadhi repo, iliacha kuihudumia mwaka 2020, na mwaka huo OpenJDK, mradi wa lugha ya Java, nayo ilihama kutoka Mercurial kwenda Git. Katika sababu walizotaja ni kwamba historia ileile ya mradi huo ilichukua kama GB 1.2 kwenye Mercurial na kama MB 300 kwenye Git. Kama mnaanza upya leo, sioni sababu ya kuichagua, isipokuwa muwe na wataalamu wake ndani ya nyumba.

*Sapling.* Imetoka kwa Meta, kampuni ya Facebook, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2022. Chimbuko lake ni Mercurial, na inaweza kuzungumza na seva za Git. Ni ya kuangaliwa kama repo yenu ni kubwa kupita kawaida. Kwa timu ya watu mia moja, sijaona haja.

Na kuna timu ambazo hazihitaji mfumo uliosambazwa kabisa. Kama kazi kubwa ni michezo ya kompyuta au video, yenye faili za mamia ya megabaiti ambazo haziwezi kuunganishwa, mnahitaji kufunga faili ili mtu mmoja aihariri kwa zamu. Mfumo wa kati kama Perforce unafanya hivyo vizuri. Msione haya kubaki huko.

Hatua ya 4: Jaribu kwenye mtandao mbaya kuliko yote mlionao

Ofisini kwenye nyaya za kasi kila mfumo unapendeza. Mpe zoezi yule wa nyumbani mwenye bando.

Nakumbuka kijana mmoja aliyekuwa akishusha repo ya kazini kwa simu, usiku, kwa sababu bando la usiku ni nafuu. Ilifika asilimia 94, mtandao ukakatika. Akaanza upya, ikakatika kwenye 60. Asubuhi bando limekwisha na mkononi hana kitu. `git clone` ikikatika haiendelei ilipoishia, inaanza sifuri. Ni jambo ambalo ningependa kila kiongozi wa timu alijue kabla hajamwambia mtu "shusha tu repo."

Njia ninayoitumia sasa ni hii:

1. Kwenye seva au mashine ya ofisini, funga historia yote kwenye faili moja: `git bundle create mradi.bundle --all`
2. Iweke mahali pa kushushwa kwa `wget -c`, ambayo ikikatika inaendelea ilipoishia. Au itie kwenye flashi umpe mtu mkononi.
3. Kwake: `git clone mradi.bundle mradi`
4. Kisha ielekeze kwenye seva halisi: `git remote set-url origin ANWANI`, halafu `git fetch`. Kitakachoshuka ni mabadiliko ya siku chache tu.

Kama hakuna wa kumfungia, anaweza kuanza na toleo la mwisho tu la kila tawi kwa `git clone --depth 1 --no-single-branch ANWANI`, kisha aongeze historia kidogo kidogo kwa `git fetch --deepen=500`, mara nyingi kadiri itakavyohitajika. Asisahau `--no-single-branch`, bila hiyo atapata tawi kuu peke yake na atakuja kukuuliza matawi mengine yameenda wapi.

Onyo: Utasikia ushauri wa kutumia `--filter=blob:none`, ambayo huacha yaliyomo ya faili za zamani kwenye seva na kuyavuta yanapohitajika. Ni nzuri sana kwa repo kubwa na mtandao imara. Kwa mtu wa mtandao wa kukatikakatika ni mtego, maana siku mtandao umekwenda, akitaka kuangalia toleo la zamani, Git itaenda kulitafuta kwenye seva na kumwachia kosa. Yeye mpe historia nzima. Wa ofisini mpe iliyochujwa.

Hatua ya 5: Repo moja au nyingi?

Uamuzi huu una uzito kuliko jina la mfumo, na ndio watu hawautengei hata saa moja.

Repo moja hufaa pale ambapo badiliko moja la kawaida linagusa sehemu nyingi kwa pamoja. Repo nyingi hufaa pale ambapo timu zinatoa matoleo kwa ratiba tofauti, au pale ambapo watu hawaruhusiwi kuona msimbo wa wenzao. Angalia mabadiliko hamsini ya mwisho. Kama mengi yanagusa sehemu zaidi ya moja, mkigawa repo mtakuwa mnafanya kila kazi mara mbili.

Repo moja ikikua sana, Git ina dawa, na dawa hizo zilipatikana kwa jasho. Microsoft walipoiweka Windows kwenye Git mwaka 2017, ilikuwa repo ya takriban GB 300, faili kama milioni 3.5, wahandisi wapatao 4,000. `git status` ilichukua dakika kumi. Walilazimika kuandika programu yao ya kuleta faili pale tu zinapoguswa, na mengi waliyojifunza yakaingia kwenye Git ya kawaida. Leo unaweza kumpa mtu wa timu ya malipo folda zake tu: `git sparse-checkout set malipo maktaba`. Na `git maintenance start` itaitunza repo kimyakimya nyuma ya pazia. Anzeni na hizo mbili kabla ya kufikiria chochote kizito zaidi.

Faili za picha, sauti na video zipelekeni Git LFS, nyongeza ya Git inayoweka faili kubwa nje ya historia, tangu siku ya kwanza. GitHub, kwa mfano, inakataa faili moja inayozidi MB 100.

Hatua ya 6: Seva na haki za watu

Git haina njia ya kumzuia mtu asisome folda moja ndani ya repo. Akiipata repo, amepata yote na historia yake. Waliozoea Subversion, ambako haki za kusoma hupangwa kwa folda, hupigwa na hili baada ya kuhama. Panapohitajika siri, patenganishwe kwa repo.

Mkitaka seva ya wengine, kuna GitHub, GitLab na Bitbucket. Mkitaka kuwa nayo wenyewe, GitLab ina toleo la bure la kusimika, na Gitea ni nyepesi, inakaa hata kwenye mashine ndogo. Seva ya ndani ni nzuri kama kuna mtu ambaye kazi yake ni kuitunza na kuifanyia nakala rudufu. "Fulani atakuwa anaiangalia" haitoshi.

Hatua ya 7: Kanuni za matawi, ukurasa mmoja

Andikeni fupi. Tawi kuu limefungwa, hakuna anayesukuma moja kwa moja. Kila kazi inapita kwa mkaguzi mmoja angalau na majaribio ya otomatiki. Tawi likizidi wiki moja bila kuunganishwa, mwenyewe aeleze. Kusukuma kwa nguvu, yaani kufunika historia iliyo kwenye seva kwa yako, ni marufuku kwenye tawi la pamoja. Kwenye tawi lako binafsi tumia `--force-with-lease`, ambayo hukataa kama kuna kazi ya mwenzako ambayo hujaiona. Zilazimisheni kanuni hizi kwenye seva, zisibaki karatasini.

Hatua ya 8: Hama kwa mazoezi

Kwa wanaotoka Subversion:

1. Tengeneza faili ya majina, kila jina la zamani na jina kamili na barua pepe yake. Walioondoka kazini nao waingie.
2. `git svn clone --stdlayout --authors-file=majina.txt ANWANI`. Endesha karibu na seva, si kwa Wi-Fi. Inaweza kuchukua siku.
3. Usitumie `--no-metadata`. Utapoteza namba za mabadiliko za Subversion, na ripoti zenu za hitilafu zimejaa maneno kama "ilirekebishwa r4512".
4. Angalia folda tupu. Git haizihifadhi, na kuna programu hufa kwa kukosa folda ya `logs`.
5. Rudieni zoezi zima mara mbili. Ya tatu ndiyo ya kweli: Ijumaa jioni, Subversion ikifungwa iwe ya kusoma tu, na ibaki hivyo, isizimwe.

Mambo yakikwama

*"Early EOF" wakati wa kushusha.* Mtandao umekatika. Kwenye intaneti utaambiwa uongeze `http.postBuffer`, mpangilio huo unahusu kusukuma, hautakusaidia kushusha. Rudi kwenye njia ya bundle.

*Faili zote zinaonekana zimebadilika, na hujagusa kitu.* Ni alama za mwisho wa mstari, Windows na Linux hazilingani. Weka faili ya `.gitattributes` yenye `* text=auto`, kisha `git add --renormalize .`, ukomiti mara moja, na uwaambie wote siku hiyohiyo.

*`git status` ni nzito kwenye Windows au macOS.* Jaribu `git config core.fsmonitor true`. Kama bado, zungumza na watu wa usalama kuhusu programu ya kuzuia virusi inayosoma kila faili.

*Kwenye Linux kuna `Malipo.java` na `malipo.java`, kwenye Windows moja imepotea.* Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo. Badilisha jina la moja ukiwa kwenye Linux.

*Mtu amepoteza kazi ya siku nzima.* Mwambie asiguse kitu. `git reflog` itaonyesha kila alipopita. Alichokwisha kukikomiti hubaki siku 30 angalau, kwa mipangilio ya kawaida. Ambacho hakukikomiti, mara nyingi kimekwenda.

*Nenosiri limesukumwa kwenye seva.* Badilisha nenosiri kwanza, sasa hivi. Kulifuta kwenye historia kunafuata, kwa programu ya ziada ya `git filter-repo`.

*Mmesafisha historia, baada ya wiki repo imevimba tena.* Kuna mtu mwenye nakala ya zamani ameunganisha tawi lake na kusukuma, na uchafu wote umerudi naye. Kila mtu afute nakala yake na ashushe upya. Kazi ambayo haijaunganishwa aitoe kwanza kama kiraka (faili yenye mabadiliko yake tu) kwa `git format-patch`, aje kuibandika kwenye nakala mpya kwa `git am`. Kwenye seva, weka kizuizi kinachokataa faili zinazozidi ukubwa mliokubaliana. Kisha mpigie simu yule aliye likizo, kwa sababu laptopu yake iko nyumbani na nakala yake ni ya mwezi uliopita.